Kole ya tube mbili yenye kukauka polepole: nichague gani juu ya meza yenye ilipasuka?

katuba_moya

Yambo bakubwa, minalomba mashauri kidogo kwa benye banajua mambo ya mbao na kole. Ku nyumba kuko meza ya zamani ya baba, ya muti wa mulombwa, juu yake ni mbao mbili kubwa zenye baliunganisha katikati. Tangu hii baridi ilianza ile fasi mbao zinakutana inafunguka, upande moya unaweza kuingiza kidole ya mutoto, upande ingine ufa unaisha polepole mpaka hauoni kitu. Na mbao ya kushoto nayo ilipasuka peke yake kuanzia ku mwisho, karibu ifike nusu.

Nilipita ku maduka ya kandokando ya soko ya M'zee Kabila banionyeshe kole ya nguvu, bakanitoshea aina tatu. Ya kwanza ni ile ya sindano mbili zenye zimeungana, banasema dakika tano inashika. Ya pili ni Araldite ya tube mbili, ile yenye kukauka polepole. Ya tatu ni chupa mbili, kubwa na ndogo, ya kumwanga, inatoka Afrika ya Kusini kupitia Kasumbalesa. Muuzishaji ananiambia yote ni epoksi (kole ya vitu viwili vya kuchanganya), yote ni kitu kimoya, kamata yenye franga yako inafikia. Sasa mie siamini juu kama ni kitu kimoya kwa nini bei inapishana vile?

Mu kichwa yangu nilikuwa nafikiri kukamata ya dakika tano nimalize kazi siku moya, lakini rafiki yangu ananiambia ile ya haraka haina nguvu. Na ile ya polepole mu hii baridi ya mwezi wa sita, asubui unatosha moshi ku kinywa, si itabakia laini mpaka mwezi wa nane? Kuko mwenye aliniambia niongeze dirsisere (ile tube ya pili ya kugumisha) kidogo ikauke mbio, ni kweli?

Tena minapenda ule ufa niujaze na malakiti (lile jiwe ya kijani ya shaba) ya kusaga, nimeona bamefanya vile ku meza moya ya hoteli, ikatoka kijani muzuri sana. Inawezekana na hizi kole ao kuko ya kipekee? Aksanti mbele.

---

PapaMbao

Yambo kijana. Mbele ya kusema kole, pinduka chini ya ile meza uangalie vile bameifunga ku kadre (fremu) ya miguu. Minakwambia hii mbele juu batu banakuyaka kwangu na meza yenye "kole ilikataa" na kumbe kole haina makosa yoyote. Mbao inavimba mu mvua na inanyauka mu kiangazi, na hapa Lubumbashi kiangazi ni kirefu, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi mbao inakosa maji kila siku. Inanyauka mu upana wake, mu urefu karibu hakuna kitu. Kama fundi alipiga misumari ao visi (skrubu) za kukaza kabisa ku pande zote mbili, mbao inataka kukutana inakatazwa, basi inapasukia fasi yenye iko zaifu. Utaweka kole ya namna gani, ata ya ndege, mwaka kesho itapasuka pembeni ya kole.

Kwa hiyo kwanza tosha ile misumari. Ukimaliza kazi yote utafunga tena na visi, lakini tundu ya mu kadre uifanye ndefu kidogo kufuata upana wa meza, visi ipate fasi ya kutembea. Katikati unaweza kukaza, pembeni acha ipumue.

Sasa kole. Muuzishaji hakudanganya kabisa, yote tatu ni epoksi, lakini haziko za kazi moya. Ya dakika tano ni ya kitu kidogo: shikio ya kikombe, kipande ya saa ya ukutani, kamguu ka sanamu. Unachanganya, unapaka, unashika na mikono mpaka inakamata. Ku meza ya metre moya na nusu utakuwa ungali unapaka ku mwisho wakati kule mwanzo imeshaanza kuwa mupira, na mbao yako haiyafungwa na serjoan (chuma ya kubana mbao) ata moya. Ni pale njo kazi inaharibika, na kuitosha tena ni shoka. Tena ile ya haraka haipati wakati ya kuingia mu mbao, inabakia juujuu, na mingi ya zile za haraka haipendi maji na joto sawa ya polepole. Rafiki yako ana haki kidogo.

Ya polepole, ile Araldite ya kawaida ya tube mbili, inakuachia kama saa moya na nusu ya kupanga mambo yako kama hali ya hewa ni ya kadiri, digrii 20 na kitu. Unapaka, unafunga, unaona mbao imeteleza, unafungua, unapanga tena, hakuna mutu anakukimbiza. Masaa 8 hivi unaweza kushika kitu, lakini minaacha siku nzima mbele ya kutosha serjoan, na mu baridi minaongeza. Kwa kuunganisha ile fasi ya katikati, kamata hii.

Ile ya chupa ni ya kumwanga na kupaka, ni maji sana. Ukiipaka yenyewe ku fasi ya kuunganisha inakimbilia chini na kuacha fasi kavu. Lakini kwa kujaza ule ufa wa mbao ya kushoto njo yenyewe unatafuta. Ao uongeze unga ya mbao yenye umechekecha vizuri mpaka inakuwa nene, ukisimamisha kijiti hakianguke, na hapo inakuwa kole ya kujaza.

Namna ya kuunganisha: futa mafuta na wax yote ya zamani, sugua na msasa namba 80, hapana kulainisha sana, epoksi inapenda fasi ya kushikilia. Futa vumbi. Mulombwa ina mafuta kidogo, pitisha kitambaa na asetoni, ngoja ipotee, kisha paka siku ileile, usiache mpaka kesho. Paka pande zote mbili kidogo, acha mbao inywe, kama kisha robo saa unaona fasi imekauka ongeza. Funga na serjoan lakini hapana kukaza sawa unafunga tairi ya kamio! Hapa njo batu banazoea kole nyeupe ya seremala banaharibu. Epoksi haitaki nguvu, inataka mbao ikutane tu na kole kidogo itoke pembeni. Ukikaza sana unaitosha yote inje na fasi inabakia na njaa. Kama hauna serjoan ya kutosha, mupira ya ndani ya kinga (baiskeli), uikate kamba ndefu, uzungushe, inakaza muzuri kabisa, bazee balifundishwa vile na mie minafanyaka mpaka leo.

---

garaji_BelAir

Mie natumikaka ku karosri (kutengeneza bodi za gari), masitiki ya gari minapaka kila siku ya Mungu. Bro ongeza dirsisere. Baridi, sisi tunaongeza, joto tunapunguza, ni mambo ya kawaida, usiogope. Kakipande ka mukebe mwekundu zaidi na nusu saa unasugua. Hiyo ya kungoja siku nzima ni ya batu benye hawana kazi 😂

---

labo_likasi

Samahani yaya garaji, ku masitiki ya gari uko na haki, lakini ile siyo epoksi, ni poliesta. Tusichanganye juu hapa njo mutoto wa batu atapoteza meza ya baba yake.

Natumikaka ku labo, nitajaribu kusema bila maneno ya labo. Mu poliesta ile kakitu kekundu kenye unaweka ni perokside, kazi yake ni kuwasha moto tu. Rezini, ile kole yenyewe, iko na kila kitu ndani, inangoja mwenye kuianzisha, njo maana unaweka asilimia 1 mpaka 3 hivi, na ukizidisha kidogo inakimbia, ukipunguza inachelewa, lakini mwishowe inakauka. Mu epoksi ile tube ya pili haiko ya kuwasha. Ni nusu ya kitu yenyewe. Kila kipande ya rezini kinatafuta mwenzake mu dirsisere, banashikana mukono, na ile kushikana njo ugumu. Ukiweka dirsisere mingi, benye bamekosa mwenzi banabakia bule ndani, haiendi haraka, inabakia laini, inanatanata, inavuta maji, na harufu haiishi. Ukiweka rezini mingi ni vilevile, inakuwa yenye kuvunjika sawa kioo ao haigande kabisa. Na hakuna dawa kisha pale, hauwezi kupaka dirsisere juu useme itaingia. Ni kukwangua yote na kuanza upya.

Kwa hiyo: kipimo hakiguswi. Ukitaka iende haraka, unagusa joto, ao unauza dirsisere ingine ya haraka ya fabrike ileile. Joto kidogo inabadilisha sana: tunahesabuka kila digrii 10 ukiongeza, wakati unapungua karibu nusu, ukipunguza digrii 10 wakati unakuwa mara mbili. Kama ku karto bameandika masaa 8, ni ya nyumba yenye digrii 20 na kitu. Weka mu digrii 12 usiku ya Lubumbashi, ujue ni masaa 16 ao zaidi. Chini ya digrii 10 mingi ya hizi inasinzia kabisa. Haijaharibika, inangoja tu joto irudie.

Kipimo nacho: tube mbili za Araldite ni sawasawa, mustari ya urefu moya na mustari ya urefu moya. Chupa siyo vile. Soma ku etiketi kama ni 2 kwa 1, ao 3 kwa 1, kuko mpaka 5 kwa 1, na uangalie vizuri kama banasema kwa uzito ao kwa ujazo! Rezini ni nzito kuliko dirsisere, kwa hiyo 2 kwa 1 ya ujazo ukiipima ku balanse kama 2 kwa 1 ya uzito umeweka dirsisere ya kupita. Batu bengi banaanguka pale na kisha banasema ile chupa ilikuwa ya feki. Mie kwa chupa napimaka ku balanse ya jikoni, juu mu kikombe macho inadanganya, lakini kama bameandika ujazo tu, kamata sindano ya farmasi ya kwako mwenyewe, moya kwa kila chupa, usizichanganye.

---

garaji_BelAir

Sawa sawa mama labo, nimenyamaza 🙌 Kumbe njo maana kuko moya aliniletea rezervwar (tanki ya esanse) ya pikipiki, alikuwa alipaka epoksi, inanatanata sawa chingamu, nikafikiri ni ya Uchina tu. Ile nilikwangua siku nzima.

---

labo_likasi

Njo vile. Na ku rezervwar ya esanse ata yenye imekauka vizuri usiitegemee sana, lakini hiyo ni mambo ingine.

---

mama_ruashi

Na mie niulize hapa hapa, musikasirike. Nikona bashini kubwa ya plastiki ya kufulia ilipasuka chini, na kiti ya plastiki nyeupe mguu umevunjika. Hiyo Araldite itashika? Na kifuniko ya termosi? Na sufuria ya kupikia bukari (ugali) yenye shikio limetoka?

---

PapaMbao

Mama, bashini na kiti apana. Zile plastiki ziko sawa zimepakwa mafuta, kole haishike, banaziita polipropilene na polietilene, epoksi inakaa juu, unaona imekauka vizuri, unapiga na kidole inaruka yote kipande kimoya. Geuza chini ya kiti, utaona kakipembe tatu na herufi PP, ku bidoni ni PE ao HDPE, ukiona ile acha kole. Kwa bashini tafuta benye bachomelea plastiki na chuma ya moto. Ile tabia mie inanisaidiaka sana ku kazi: skochi ya kufungia makarto ni plastiki ya namna ileile, naibandika chini ya ufa epoksi isimwangike, kesho naivuta inatoka safi.

Sufuria apana kabisa. Epoksi ya kawaida ikifika digrii 60 hivi inaanza kulegea, na maji ya bukari yanakaribia 100. Shikio piga riveti. Termosi, kama ni kifuniko ya inje yenye haigusi chai, na haiko ile PP, jaribu.

---

mawe_ya_lushi

Ule wa malakiti ananiuliza mie kabisa 😄 natumikaka mawe tangu nikiwa mutoto, tunafanya masanduku, chess, mayai ya mawe, meza ndogo.

Inawezekana. Lakini usikamate ile Araldite ya tube kwa malakiti, rangi yake ina unjano kidogo na haiingie vizuri katikati ya vipande. Kamata ya chupa yenye kuangaza sawa maji, ile ya polepole, juu mapovu yanapata wakati ya kupanda na kupasuka. Ya haraka inafunga mapovu ndani na utaona tundutundu nyeupe ukisugua.

Namna tunafanya: bandika skochi chini na ku mwisho wa ufa, fina vizuri na kidole ku kila kona, epoksi ya chupa inatafuta tundu ndogo kuliko maji. Chanja ndani ya ufa na kisu utoshe mbao yenye imeoza na vumbi. Mbele ya kumwanga, paka ndani ya ufa na brosi ndogo rezini yenyewe bila jiwe, acha inyonye mpaka inaanza kunata. Hapana kuruka hapa, mbao iko na hewa, usipoifunga itapumua mapovu mu kazi yako usiku nzima. Na kuko ufundi: weka meza ku jua asubui ipate joto, kisha uingize mu kivuli mangaribi na upake wakati inapoa. Mbao yenye inapoa inavuta kole ndani. Mbao yenye inapata joto inasukuma hewa inje. Watu banafanya kinyume, banapaka asubui na kupeleka ku jua "ikauke", halafu banashangaa.

Malakiti: vipande vya ukubwa mbalimbali, vikubwa kwanza upange na mikono, kisha vidogo, kisha unga. Kama unaweka unga tu inatoka kijani moya ya kufa, sawa rangi ya ukuta. Uzuri wa malakiti ni ile mistari, weka vipande vyenye mistari inaonekana juu. Kisha mwanga rezini polepole upande moya, iende yenyewe chini ya mawe na kusukuma hewa upande ingine. Hapana kumwanga mu ufa yote kwa mara moya kama ni wa ndani sana. Epoksi inapogumuka inatosha joto, ikiwa mingi fasi moya joto inapanda, inakuwa njano, inatosha moshi, inapasuka. Angalia ku etiketi unene gani banaruhusu, ikiwa ufa unapita pale fanya mara mbili, ya pili uweke wakati ya kwanza imekamata lakini ukipiga ukucha inaacha alama, hapo zinashikana zenyewe bila msasa.

Kwa sababu hiyohiyo usiache rezini yenye umechanganya mu kikombe ukiongea telefone. Kikombe kilichojaa kinaenda haraka kuliko ukiimwanga ku sahani pana. Nimeona kikombe ya plastiki ikiyeyuka.

Kusugua: na maji, kila mara na maji! Malakiti ni shaba, vumbi yake ni sumu, hapana kusugua kavu na mashine mu nyumba mwenye batoto. Maski, maji, anzia namba 120 uende polepole mpaka 1000 na zaidi. Jiwe lenyewe ni laini, ni karibu 4 tu ku kipimo ya ugumu, linaisha mbio kuliko unafikiri. Na mwambie mama ku nyumba: ndimu na siki hapana kuachilia juu, asidi inakula malakiti. Sufuria ya moto nayo hapana, weka kitu chini.

---

BukavuNguba

Minawasalimia toka Bukavu. Mie niko na wazo tofauti kidogo na PapaMbao, na heshima yote mzee. Kama ule uunganisho wa katikati unafunguka na mbao bado zinakutana sawa ukizisukuma, mbona upoteze epoksi? Kole nyeupe ya seremala ni bei kidogo, inasafishwa na maji, na mbao yenye inakutana vizuri, kole nyeupe ikikauka mbao njo inapasuka mbele ya kole. Epoksi ni ya fasi yenye kuna nafasi, ao yenye itaona maji, ao mbao na chuma, mbao na jiwe. Huku kwetu watu wanakamata epoksi kwa kila kitu juu tu inaitwa ya nguvu.

Kingine chenye sijaona mtu amesema. Huku mvua ni karibu miezi tisa, na wakati hewa iko na maji mingi epoksi ya kupaka inatoka juu na kitu sawa mafuta, kama sabuni, ukigusa inateleza. Usiisugue na msasa mbele, utaisukumia ndani. Osha na maji ya vuguvugu na spongi, kausha na kitambaa, kisha njo usugue na kupaka ya pili. Ukipaka juu ya ile mafuta, rangi ao varnishi itatoka kama ngozi.

Na jua. Epoksi na jua si marafiki, inakuwa njano na mwisho inakuwa unga juu. Kama meza itakaa ku baraza, paka varnishi ya inje juu yake, ile yenye inakinga jua.

---

PapaMbao

Uko na haki kijana wa Bukavu, kama zinakutana. Lakini yeye amesema upande moya kidole ya mutoto inaingia. Kole nyeupe mu tundu ya vile inanyauka, inaacha pengo. Angeweza kupiga randa pande zote mbili mpaka zikutane, na hapo kole nyeupe inatosha na mie ningefanya vile. Kama hana randa na ufundi wa kunyoosha ukingo wa metre moya na nusu, epoksi yenye unga ya mbao.

Na kijana, ule ufa wa mbao ya kushoto, hapana kuulazimisha ufungane na serjoan. Ulifunguka juu ya kunyauka, ukiukaza na nguvu utafungukia fasi ingine. Ujaze tu. Tena usijaze mu mwezi wa tisa ao wa kumi wakati uko wazi kabisa, juu mvua ikianza mbao inavimba na inakuta ndani jiwe, haina fasi ya kurudi. Sasa mwezi wa sita bado haijafika mwisho wa kunyauka, ni wakati ya muzuri kuliko kungojea.

---

katuba_moya

Aksanti sana bakubwa, nimepinduka chini, misumari minane, kumbe! Na yote imekaza.

Swali ya mwisho. Usiku mu chumba yetu ni baridi sana, nilikuwa nafikiri kuweka mbabula ya makala (mkaa) karibu na meza usiku ile nitapaka, nafunga mulango, joto inabakia. Ni sawa? Umeme usiku ni bahati, siwezi kutegemea. Na nilifungua chupa ya rezini ya jirani nijaribu, ndani ni nyeupe na chengachenga, ni mubovu?

---

labo_likasi

Mbabula apana, apana, apana! Kwanza juu ya mwenyewe: makala mu chumba yenye imefungwa inaua batu benye banalala, hauisikie harufu ya kitu. Pili ata kama hakuna mutu analala mule, makala inatosha gazi na unyevu, na ile njo inaleta mafuta yenye ndugu wa Bukavu amesema, juu ya kazi yako yote.

Fanya hivi: anza asubui, siyo usiku. Kazi ya kuunganisha na tube, paka kisha jua limepanda na joto ya mchana ikusukumie masaa ya kwanza, hayo njo ya maana. Weka tube zenyewe mu maji ya vuguvugu dakika kidogo mbele ya kuchanganya, zimefungwa mu sashe maji isiingie, zinalegea na kuchanganyika vizuri. Lakini ujue zikiwa na joto unakuwa na wakati kidogo. Kisha kufunga, funika meza yote na blanketi nzito ao bashi (turubai) juu ya blanketi, mbao yenye ilikula jua inashika joto mpaka usiku ya katikati. Usiku ikipoa kole inasinzia, kesho jua linaiamsha. Siku mbili tatu bila kuigusa. Kwa ile ya malakiti ya chupa, fuata mzee wa mawe, paka mangaribi, na uongeze siku ingine, nguvu yote inafika karibu wiki moya.

Rezini nyeupe chengachenga siyo mubovu, imeganda juu ya baridi sawa asali. Weka chupa mu maji ya moto yenye mukono unavumilia kidogo, kama digrii 50, tikisa polepole mpaka inakuwa safi kabisa, iache ipoe, kisha utumie. Ikibakia na chenga ata kidogo usiitumie, zile zitaalika zingine. Angalia pia tarehe ku chupa, na kama dirsisere imekuwa nyekundu ya giza kidogo si shida sana kwa kole, lakini kwa malakiti itabadilisha rangi.

Kuchanganya: dakika tatu kamili ukiangalia saa, ukikwangua ukuta na chini ya kikombe, kisha mwanga mu kikombe ingine na uchanganye tena. Ile yenye ilibakia ku ukuta wa kikombe ya kwanza haikukutana na mwenzake, njo inafanyaka madoa yenye hayakauki katikati ya kazi nzuri.

---

mawe_ya_lushi

Na glove. Benye banatumika epoksi miaka bila glove, siku moya ngozi inakataa, unawashwa mpaka ku macho, na kisha pale ata harufu tu inatosha kukuvimbisha. Kuko rafiki yangu ya kazi aliacha ufundi juu ya ile. Ikikumwangikia, panguza na karatasi kavu kwanza, kisha sabuni na maji. Hapana kunawa na asetoni ao esanse, inaipeleka ndani ya ngozi.

Ukifika ku malakiti uniandikie kipande ngapi unatafuta, ku soko batakuuzishia ile ya kuvunjika kwa bei ya yai zima.

---

mama_ruashi

Na kiti yangu sasa nifanye nini 😅

---

garaji_BelAir

Leta ku garaji mama, nitakuchomelea na waya ndani. Bashini nayo leta.